Kona ya Jikoni Niliyoila

Niliwahi kula ukuta. Si ukuta wote, msinitolee macho. Ni kona tu, ile ya jikoni nyuma ya kinu, na sikuimaliza kwa siku moja. Niliila kidogo kidogo kwa karibu mwaka mzima, kwa kijiko cha chai, kila asubuhi baada ya kumeza dawa yangu. Leo naweza kusimama mbele ya watu nikasema nina virusi vya Ukimwi na sauti isitetemeke. Lakini hili la ukuta ndiyo kwanza naliandika, na naandika huku nimefunga mlango.

Virusi nilivipata kwenye ndoa yangu ya kwanza. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la mboga, akishusha kabichi na karoti mjini, na sitaki kumsema sana maana hana nafasi ya kujibu. Alipofariki nilipimwa, nikalia wiki nzima. Wiki ya pili nikaanza dawa, kwa sababu nilikuwa na binti wa kusomesha na shamba ambalo halikujali kama nalia au nimenyamaza. Binti alisoma, akaolewa, sasa yuko Korogwe na watoto wawili. Mimi nikabaki huku juu, upande wa Gare, na kuku, na kwaya ya akina mama, na kidonge changu.

Dawa za mwanzo zilikuwa za kumeza wakati wa kulala, na jamani, zilinipa ndoto! Niliota ng'ombe wa jirani kavaa sare ya kwaya, anaimba sauti ya kwanza vizuri kuliko mwimbaji wetu. Niliota nimechaguliwa diwani. Asubuhi kichwa kilikuwa kinazunguka, natoka nje nimeshika ukuta, watu wakidhani nimeonja pombe. Nesi alinieleza nisizimeze nikiwa nimetoka kula vyakula vya mafuta mengi, kwamba mafuta yanaipandisha dawa kwa kishindo. Nilipomsikiliza, ndoto zikapungua. Nasema ukweli, nilimkosa yule ng'ombe.

Baadaye tukabadilishiwa. Kikaja kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake, na nikaendelea kukimeza usiku kwa mazoea. Mwee! Usingizi uliruka. Nililala chali nikahesabu mabati ya paa hadi nikayajua yenye kutu na yasiyo na kutu. Nikarudi kliniki nimekasirika, nikamwambia nesi kwamba ile ya zamani ilinipa sinema na hii mpya imenizimia hata taa. Akacheka, akasema nihamishie asubuhi. Basi nikachagua saa moja kamili, kengele ya shule inapogongwa, na tangu siku ile sijawahi kuikosa hata mara moja. Shikeni hilo, maana ndilo lililokuja kunitia hasira.

Kisha mwili ukaja. Sare ya kwaya ilifumuliwa pembeni mara mbili, mara ya tatu fundi cherehani akaniambia kitambaa cha kufumua kimekwisha. Huku kwetu mwanamke akinenepa anapongezwa, kwa hiyo wenzangu wakanizunguka baada ya mazoezi kuuliza natumia nini. Nikawaambia makande. Msimu ule watu walipika makande mpaka waume zao wakalalamika. Nesi yeye hakunipongeza. Alinipima uzito, akapima presha na sukari, akaniambia nipunguze mafuta na nijitahidi kutembea. Nikamuuliza, "Mwanangu, nitembee wapi tena? Mimi hata choo changu kiko mlimani."

Na kopo nalo. Kopo la dawa zetu lina tabia mbaya, linalia. Ukishuka njia ya mteremko nalo mkobani, kila hatua linakutangaza, na huku milimani hakuna asiyeijua sauti ile. Nilienda kliniki ya mbali makusudi ili nisikutane na watu wa kijijini, halafu nirudi nikipiga kayamba? Mara ya kwanza nilimimina vidonge kwenye mfuko wa majani ya chai. Ukungu wetu haukuchelewa, vikalowa unyevu na kuanza kumomonyoka, na nesi akanifokea kama mtoto wa darasa la pili. Dawa ikae kwenye kopo lake, na kile kifuko chake kidogo kinachonyonya unyevu, na kifuniko kikazwe. Basi nikajifunza wanavyofanya wenzangu, unasokotea pamba safi juu ya vidonge, kopo linanyamaza. Tukikutana kwenye foleni tunaazimana pamba bila kusema neno.

Sasa tuje kwenye ukuta. Nikimeza kidonge kikagusa ulimi, kiliniachia uchungu wa ajabu na kichefuchefu kidogo. Wengine wanashushia na chai. Mimi, siku moja ya mvua, nilikuwa nimesimama jikoni na uchungu wangu mdomoni, ukuta wa udongo ukanukia. Kama hujawahi kula udongo huwezi kunielewa, na kama umewahi sihitaji kukueleza. Nilikula wakati wa mimba ya binti yangu, kama wanawake wengi, nikaacha. Ile harufu ikanirudisha miaka ishirini na kitu nyuma. Nikachukua kijiko, nikachokonoa kipande cha ukubwa wa harage, nikakitia mdomoni. Uchungu ukaisha palepale.

Kesho yake nikarudia. Na keshokutwa. Mwanamke mzima, bibi wa wajukuu wawili, nimeinama nyuma ya kinu na kijiko!

Katikati ya mambo hayo akaja fundi. Nilimwita kuja kunirekebishia msingi wa nyumba uliokuwa unaliwa na maji ya mvua. Wazazi wake walikuja zamani kuchuma chai kutoka Njombe, yeye akazaliwa hapa, anazungumza Kishambaa kwa lafudhi inayotuchekesha wote. Mjane mwenzangu, mtu wa maneno machache, anaimba besi kanisani. Kazi ya siku nne ilimchukua wiki tatu. Msingi ulipokwisha akasema mlango hauko sawa. Mlango ulipokuwa sawa akasema bomba la maji ya mvua limelegea. Nikamwambia, "Fundi, nyumba hii ikibaki bila kasoro utatafuta nini hapa?" Akaangalia chini, akasema, "Ndicho ninachokiogopa, mama kwaya."

Nilimwambia habari ya virusi siku ileile. Sikuzunguka. Nilimletea kopo, nikalitoa pamba, nikalitikisa mbele yake lilie. Akauliza swali moja tu, "Zinakuumiza?" Nikamwambia zimeninenepesha. Akasema hilo ameliona, na halalamiki.

Tukaenda kliniki pamoja. Akapimwa, hana. Nesi akatueleza kwamba mtu anayemeza dawa vizuri mpaka kipimo kikaonyesha virusi havionekani kwenye damu, hamwambukizi mwenzake kwa kulala naye. Mimi kipimo changu kilikuwa hivyo miaka yote, na kipya kilibakiza miezi michache. Fundi alitaka twende kwa mchungaji moja kwa moja, majina yetu yaanze kusomwa kanisani kutangaza ndoa. Mimi ndiye niliyekataa. Nikasema nisubiri karatasi ya mwaka huu. Nilishamzika mume mmoja. Sikutaka kumpelekea mtu mwingine kifo nyumbani kwake halafu niseme sikujua. Karatasi ikiwa safi, tunasomwa. Isipokuwa safi, hatusomwi. Niliapa hivyo mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Wakati tunasubiri, fundi akaigundua kona. Aliingia jikoni kuniwekea rafu, akakuta shimo linaloingia ngumi nyuma ya kinu. Akachuchumaa akaliangalia. Mimi nilikuwa nakoroga uji, nikakoroga kwa nguvu. "Panya," nikasema kabla hajauliza. "Mh," akasema. Akakanda udongo, akaziba.

Nikala na kiraka. Baada ya wiki chache akaziba tena, akaleta na mtego. Mtego ulikaa pale na kipande cha dagaa mpaka dagaa akakauka, hakuna panya aliyekuja. Akaziba mara ya tatu. Na niseme kitu, kuanzia kile kiraka cha pili udongo ulikuwa mtamu zaidi. Laini, hauna majani wala mchanga wa kusagika menoni. Nikadhani ni mvua za mwaka ule.

Siku ya majibu nilivaa gauni la Pasaka. Fundi alibaki nje kwenye benchi, amekunja kofia yake magotini. Nesi akasema, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba kwa sauti ya kwaya. Hakutabasamu. Akasema virusi vimeonekana tena, na si vichache.

Nilisikia masikio yangu yakiziba. Halafu hasira ikapanda, mimi mtu wa hasira, sifichi. Akaniuliza kama kuna siku nimesahau. Nikasema hapana. Kama nimesafiri bila dawa? Hapana. Kama nimempa mtu vidonge vyangu? "Nimpe nani? Hii ni pipi?" Akamimina vidonge kwenye sinia akavihesabu, vikawa sawasawa na vinavyotakiwa kubaki. Akavihesabu tena. Nikamwambia avihesabu na mara ya tatu kwa jina la Utatu. Akaniuliza kama natumia dawa nyingine yoyote, za hospitali au za miti shamba. Nikasema situmii, na sikudanganya, kwa sababu udongo si dawa.

Akasema nitarudi kila mwezi kwa mazungumzo, kwa miezi mitatu, kisha nipimwe upya. Hali ikiwa ileile, daktari ataangalia kama dawa imezoewa na virusi, anibadilishie. Akafungua droo, akatoa paketi za kondomu, akanisogezea, nimpe na mzee pale nje. Nikamwambia sisi hatujafunga ndoa. Akasema, "Mama, mimi ni nesi, si mchungaji."

Nje nikamwambia fundi, "Hatusomwi." Nikamtupia zile paketi mapajani. Alizitia kwenye mfuko wake wa vifaa, katikati ya mwiko na bilula, akanifuata nyuma. Njia nzima nililia kwa sauti, na wala sikujali nani ananiona. Kidonge changu cha saa moja! Miaka yote ile sijakosa, na bado mwili wangu ukanigeuka.

Mwezi uliofuata nesi aliniambia niingie na msaidizi wangu, yule anayenikumbusha dawa. Mimi sikumbushwi na mtu, lakini nilimwingiza fundi. Siku ile alikuwepo na daktari, kijana mpole mwenye miwani. Hakuuliza kama nimesahau, na kwa hilo nilimpenda. Alisema, "Mama, nisimulie asubuhi yako. Yote. Toka unapoamka mpaka unapokwenda shambani, hata vitu unavyoona vya kijinga."

Nikasimulia. Naamka, nafungulia kuku, nawasha moto, naosha uso. Kengele inalia, nachukua kopo, nachukua maji, nameza.

"Halafu?" akauliza daktari.

"Halafu nakunywa chai."

"Hapohapo?"

Hapo nilitakiwa kusema ndiyo, mambo yaishe. Nikamtazama fundi. Alikuwa ameinamia viatu vyake. Nikafikiri, mwanamke wewe, uliweza kumtikisia kopo mtu huyu usoni pake, leo unashindwa na udongo? Lakini kopo nilipewa, sikuliomba. Huu udongo ni tamaa yangu mwenyewe. Aibu yake ni ya namna nyingine.

"Halafu nakula ukuta," nikasema.

Nesi akaacha kuandika. Ikabidi nieleze yote, kijiko, kinu, harage moja, ambalo ukweli lilishakuwa kama yai la njiwa, kila siku, mara tu baada ya kumeza. Daktari hakucheka. Alisema udongo una madini ndani yake, chuma na mengine, na dawa yangu ikikutana nayo tumboni inanaswa hukohuko, inatoka nayo bila kuingia kwenye damu. Akasema ndivyo zinavyofanya hata zile magnesium za kutafuna watu wakipatwa na kiungulia: dawa yangu itangulie, saa mbili zipite kabla ya kuzitafuna, na nikiwa nimezitafuna kwanza, saa sita zipite ndipo nimeze dawa. Hata vidonge vya kuongeza damu nisivichukue kabla ya kuwauliza. Hakuapa kwamba udongo ndio sababu yote. Ila nikiuacha tutajua, akasema, na niuache kabisa, maana una minyoo pia. Kisha nesi akaniuliza kwa nini sikumwambia mwezi uliopita. "Uliniuliza dawa," nikasema. "Hukuuliza nyumba."

Hapo nesi akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho. Fundi hakucheka. Hakuinua hata uso. Tukarudi njia nzima hasemi, na mimi nikasema moyoni basi, imekwisha. Virusi alivikubali, udongo umemshinda.

Kesho yake, kabla ya kengele, nilimkuta jikoni. Amekuja na saruji. Aliipiga ile kona plasta nene, akaisawazisha, akaondoka bila kunywa uji. Niliumia, nikamtukana kimoyomoyo. Saruji! Kana kwamba mimi kweli ni panya. Lakini keshokutwa yake, saa moja kasorobo, yuko mlangoni. Kasimama na fyulisi mkononi, limeiva. Akasubiri nimeze, akanipa lile tunda niue uchungu wa mdomo, akaenda kazini. Siku iliyofuata hivyohivyo. Mafyulisi yalipokwisha akaleta plamu, plamu zilipokwisha akaleta kipande cha muwa alichokimenya mwenyewe. Nilimwambia sihitaji askari. Akasema, "Najua." Kesho yake akaja tena.

Usifikiri ilikuwa rahisi. Mvua ikinyesha nilikuwa naikwangua ile saruji kwa ukucha, nalia kwa tamaa. Na kila nikikwangua nilimkumbuka mchungaji na lile daftari lake la matangazo, halina majina yetu.

Miezi ilitimia, nikatolewa damu, majibu yakaja. Gauni la Pasaka sikuvaa safari hii, nilikuwa nimelinunia. Nesi hakungoja hata shikamoo yake iitikiwe. Alisema, "Mama, havionekani." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia aniandikie. Nikatoka na karatasi nikiimba, nakiri, niliimba kliniki nzima ikanisikia, na mimi ndiye niliyekuwa natia pamba kwenye kopo ili watu wasijue.

Fundi aliisoma ile karatasi kwenye benchi, kisha akajifunika uso kwa kofia. Mabega yakaanza kutikisika. Mtu wa besi, analia kama mtoto.

"Wewe nawe, unalia nini? Si tumepona aibu?"

Akasema chini ya kofia, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba si panya. Mimi ni fundi, alama ya chombo naijua. Kile kiraka cha kwanza kilikuwa na alama za kijiko. Mtego niliuleta ili usijue nimeona." Akavuta kamasi. "Nikasema kama anakula, basi ale kilicho safi. Nilikuwa napanda mpaka juu kule msituni, mbali na mashamba yanayopigwa dawa. Nachimba chini. Sikutia samadi wala majani. Nikauchekecha kwa chekeche la matundu madogo, mara mbili, nikakuzibia. Nilikuwa nakutengenezea, mama kwaya. Kumbe nakuua kwa mikono yangu."

Nilikaa chini pale kwenye benchi. Nikakumbuka ule utamu, ule ulaini ambao nilidhani ni mvua. Mzee wa watu alikuwa anapanda mlima na gunia mgongoni ili mimi nile ukuta mzuri, na hakunisema, na hakuniuliza, kwa sababu aliona nimeficha. Kama angeniuliza tungeokoa miezi mingi. Kama ningemwambia, hivyohivyo. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa tulikuwa mbele za watu nilimpiga kofi la bega.

"Wewe na mimi," nikamwambia, "kuanzia leo hakuna kukaa kimya ndani ya nyumba hii."

"Nyumba ipi?" akauliza, bado yuko ndani ya kofia.

"Ile uliyoitia saruji. Inuka, twende kwa mchungaji kabla hajafunga daftari."

Jumapili ile majina yetu yalisomwa kwa mara ya kwanza, na sauti ya pili nzima iligeuka kunitazama. Chekeche lake sasa liko jikoni kwangu, linaning'inia juu ya ile kona. Nimeliosha kwa maji ya moto mara tatu, na nachekechea unga.